Mwongozo wa Kulifahamu Neno la Kiingereza "Get"

Mtu ajifunzaye Kiingereza aghalabu huyaogopa maneno marefu, yale yenye silabi nne au tano na sura ya kigeni, akayaweka kando ili ayasome kwa bidii, ilhali maneno mafupi huyapita upesi akidhani kuwa amekwisha kuyajua tangu darasa la kwanza. Hali yenyewe ni kinyume cha hayo. Neno refu kwa kawaida lina maana moja, au mbili zilizo jirani, na mwenye kamusi hulimaliza mara moja. Neno fupi ndilo lenye matumizi mengi, ndilo lisemwalo sokoni, ofisini, bandarini na nyumbani kutwa kucha, na ndilo limfedheheshalo msomi mbele ya watu. Katika hayo mafupi nimechagua moja, nalo ni "get", kwa sababu mbili: kwanza, Mwingereza na Mmarekani ni shida kuzungumza kwa robo saa bila ya kulitaja, na pili, sisi wasemaji wa Kiswahili tuna namna yetu ya kulikosea, itokayo katika lugha yetu wenyewe, na kwa hiyo mwenye kuijua vema lugha yake aweza kujisahihisha.

Uzito wa neno hili wadhihirika kwa jambo moja. Mwaka 1930 mwanachuoni wa Kiingereza C. K. Ogden alitunga Kiingereza cha muhtasari kiitwacho Basic English, chenye maneno 850 tu, kwa matumaini ya kuwa watu wa mataifa mbalimbali wangejifunza kwa muda mfupi wakaelewana. Katika maneno hayo yote, vitenzi kamili vilikuwa 16 peke yake, na "get" lilikuwa mojawapo. Ogden aliweza kuviacha vitenzi maelfu kwa kuwa alitambua kwamba vitenzi vichache kama hivi, vikifuatana na vijineno kama "up", "in" na "over", hushika nafasi ya vingine vingi.

Asili ya neno ni ya kale. Kiingereza cha zamani kilikuwa na mzizi wake ndani ya maneno yaliyoungwa, kama yale ambayo leo ni "forget", yaani kusahau, na "beget", yaani kuzaa. Walakini "get" lenye kusimama peke yake lililetwa na watu wa Skandinavia, waliovuka bahari, wakaivamia Uingereza, na katika karne ya 9 wakafanya makazi upande wa mashariki na kaskazini, wakaacha pia maneno kama "they" na "take". Maneno ya fahari, kama "obtain" na "receive", yaliingia baadaye kwa njia ya Kifaransa, baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Ndiyo maana hata leo "get" ni neno la nyumbani na hayo mengine ni ya barazani. Nasi tunayo hali kama hiyo: mtu akiwa kwake husema barua imefika, na akiandika kwa wakubwa husema imewasili, la kwanza ni la Kibantu, la pili tulilipokea kutoka Kiarabu.

Umbo na matamshi

Wakati uliopo ni "get", uliopita ni "got", na lenye kuonyesha jambo linaloendelea ni "getting", ambalo huandikwa kwa "t" mbili. Baada ya "have", Mwingereza husema "got", na Mmarekani aghalabu husema "gotten", umbo la kale ambalo Waingereza wenyewe walikuwa nalo, nalo limo katika Biblia yao ya mwaka 1611. Kwa hiyo usimcheke asemaye "gotten", wala usimsahihishe asemaye "got". Chagua njia moja uishike.

Sauti ya "t" mwishoni hukatwa papo hapo: ulimi hugusa ufizi nyuma ya meno ya juu, pumzi ikazuiwa, na hapana vokali ifuatayo. Ulimi wetu, uliozoea kuimaliza silabi kwa vokali, hutaka kuongeza "i", likawa "geti", ambalo kwetu ni lango na asili yake ni neno jingine kabisa. Kadhalika itenge "got" na "goat": ya kwanza ni fupi, mdomo ukiwa wazi, ya pili huvutwa na midomo ikaviringika, na maana yake ni mbuzi. Na likifuatwa na neno lianzalo kwa vokali, "t" huungana nalo, hata "get up" ikasikika kama "getap", na kwa Mmarekani kama "gedap". Wengi waliosoma vitabuni tu hushindwa kulisikia neno wanalolijua, kwa sababu hii peke yake.

Tazama neno lifuatalo

Sasa nafika kwenye kanuni ambayo ndiyo kiini cha mwongozo huu. Usiulize maana ya "get" likiwa pweke, maana jibu halipo. Tazama ni neno gani lifuatalo, nalo litakwambia maana.

Likifuatwa na kitu, maana ni kukifikisha kitu hicho mkononi, kwa njia yoyote iwayo: "get a letter" ni kupokea barua, "get a job" ni kupata kazi, "get some bread" ni kununua mkate, na "get the doctor" ni kwenda kumwita daktari.

Likifuatwa na sifa, maana ni kuingia katika hali hiyo. "Get old" ni kuzeeka, "get fat" ni kunenepa, "get rich" ni kutajirika, "get wet" ni kulowa, "get angry" ni kukasirika. Angalia, msomaji, kwamba katika mifano hii yote Kiswahili hakikuhitaji maneno mawili, kwa kuwa mabadiliko ya hali yamo ndani ya kitenzi chenyewe.

Likifuatwa na kitenzi kilicho katika umbo la kutendwa, maana ni kufikwa na jambo: "get paid" ni kulipwa, "get broken" ni kuvunjika, "get lost" ni kupotea. Hapa ndipo ilipo "get married", ambayo haibagui baina ya kuoa, kuolewa na kuoana. Mwanamume na mwanamke husema neno lile lile, na aliyeolewa na Juma "got married to Juma", si "with Juma", kosa ambalo latokana na ile "na" yetu.

Likifuatwa na mahali, maana ni kufika. Husemwa "get to Mombasa", kwa "to", lakini "get home", "get here" na "get there" bila ya "to". Jambo dogo hili humtambulisha mara moja aliyejifunza kwa uangalifu.

Likifuatwa na mtu, kisha "to" na kitenzi, maana ni kumshawishi au kumhimiza mtu hata akatenda: "I got him to sign" ni nilimshawishi hata akatia sahihi. Usiiache hiyo "to", ingawa "make", lenye maana iliyo karibu, huitupa: "I made him sign".

Na likifuatwa na kitu, kisha kitenzi cha kutendwa, maana ni kufanyiwa kazi na mtu mwingine. Mfano huu wastahili kukaziwa macho. Mtu amenunua kitambaa, akampelekea fundi wa cherehani, akapimwa mabega na urefu, akalipa ujira, na siku ya sikukuu akatoka amevaa kanzu mpya. Akiulizwa na jirani yake hujibu, "Nimeshona kanzu", na jirani huelewa bila ya shaka kwamba sindano ilishikwa na fundi. Akimwambia Mwingereza "I sewed a kanzu", Mwingereza atamdhania kuwa yeye ndiye mshonaji, na pengine atamwagizia na yake. Neno sahihi ni "I got a kanzu made". Kiswahili fasaha kinalo umbo linalolingana nalo, nalo ni nimeshonesha; vivyo hivyo "I got the roof thatched" ni nimeezekesha paa. Yule asemaye nimeshonesha katika lugha yake hatatatizwa na jambo hili katika lugha ya wenzake.

Kwa mifano hii waona tofauti iliyo baina ya lugha mbili hizi. Kiingereza huacha "get" bila ya kubadilika, kikaliongezea maneno kwa nje. Kiswahili hukibadili kitenzi chenyewe kwa ndani, kwa viungo kama -ka, -wa, -na, -isha na -ia. Tazama pata: patia, patikana, patana, patanisha. Wale wanaopatana, Mwingereza husema "they get on well". Kinachopatikana dukani, husema "you can get it in the shop".

Vijineno vinavyogeuza maana

"Get" lina jamaa kubwa ya vijineno vilifuatavyo, na kila kimoja sharti kisomwe pamoja nalo kama neno moja. "Get up" ni kuamka au kusimama. "Get back" ni kurudi. "Get by" ni kujikimu kwa kidogo ulicho nacho. "Get over" ni kupona maradhi au kupoa huzuni. "Get through" ni kupita mtihani, au kumpata mtu kwa simu. "Get away with" ni kufanya kosa ukasalimika na adhabu. "Get behind" ni kubaki nyuma katika kazi au malipo, kama kodi ya nyumba.

Vyombo vya safari vina kanuni yake. Sisi husema kupanda na kushuka kwa vyote, na Kiingereza hubagua. Chombo ambacho abiria aweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, gari la moshi, meli na ndege, husemwa "get on" na "get off"; na hivyo hivyo kile unachokikalia kwa kutanua miguu, kama baiskeli, pikipiki, farasi na punda. Lakini chombo cha kuinama na kuketi, kama teksi, gari dogo au mashua ndogo, ni "get in" na "get out of". Kondakta mwenye kuijua kanuni hii atawaongoza wageni wake bila ya kubabaika.

Na jihadhari na "have got", ambayo kwa sura ni ya wakati uliopita na kwa maana ni ya sasa. "I have got two brothers" si nimepata ndugu wawili, bali nina ndugu wawili. "I have got to go" ni sina budi kwenda. Katika mazungumzo ya haraka husikika "gotta", nawe lisikie ulielewe, ila usiliandike katika barua ya heshima.

Mitego ya "pata"

Madhali kamusi nyingi hutaja pata kwanza, mwanafunzi hudhani kuwa kila penye pata pafaa "get", na hapo ndipo anaponaswa. Mtu aliyepata ajali, kwa Kiingereza "had an accident", si "got an accident". Mfanyabiashara aliyepata faida "made a profit", na aliyepata hasara "made a loss". Waliopata mtoto "had a baby". Na mwanamke aliyepata mimba "got pregnant", kwa sifa, si "got pregnancy", kwa jina.

Upo mtego mwingine uliojificha zaidi. Twauliza, "Umepata kufika Pemba?", na haja yetu ni kujua kama mtu amewahi kufika huko maishani mwake. Mwenye kufasiri neno kwa neno atasema "Have you got to reach Pemba?", na Mwingereza atasikia anaulizwa kama analazimika kufika Pemba. Swali sahihi ni "Have you ever been to Pemba?". Aidha, siku hizi watu huulizana "Unanipata?" wakiwa na maana ya kuelewana, wakahamisha moja kwa moja wakasema "I am not getting you". Mwingereza husema "I don't get it" juu ya jambo asilolielewa, na "I didn't catch that" juu ya neno asilolisikia. Husema hivyo juu ya maneno yaliyonenwa, na mnenaji mwenyewe humwacha nje.

Adabu ya neno

Lugha bila ya adabu ni hasara kwa msemaji hata akiwa mfasaha. "Nipatie maji", ikisemwa kwa sauti ya upole, ni ombi lisilo na ila kwetu, kwa kuwa upole umo katika sauti na mara nyingi katika kiungo -ia, chenye kuonyesha kutendewa hisani. "Get me some water", hata ikisemwa kwa upole gani, ni amri ya bwana kwa mtumishi. Kwa mwenzako, na zaidi kwa mkubwa wako, sema "Could you get me some water, please?". Urefu wa sentensi hiyo ndio heshima yake, nao una thamani sawa na naomba yetu.

"Get out!" ni kumfukuza mtu, na "Get lost!" ni sawa na kumwambia potelea mbali, yafahamu ili ujue unapotukanwa, lakini kinywa chako kiepushe nayo. La hatari zaidi, kwa kuwa lafanana na nasaha, ni "Get over it". Aliyefiwa akiambiwa hivyo husikia anaamrishwa aache kilio chake, na wewe huenda ulitaka kumwambia asubiri na Mungu atamjalia faraja. Kwa mfiwa sema "I am so sorry for your loss". Kwa mgonjwa, hata hivyo, "Get well soon" ni maneno mema, ambayo huandikwa katika kadi za kuwatakia wagonjwa afya, na yana nafasi ile ile ya ugua pole.

Katika barua ya kazi, ombi au taarifa, punguza "get" kadiri uwezavyo, kwa kuwa mahali hapo msomaji hutazamia maneno ya barazani. Badala ya "I got your letter" andika "I have received your letter". Badala ya "get permission", "obtain permission". Badala ya "got to the office", "arrived at the office". Badala ya "he got arrested", "he was arrested". Lakini usizidishe. Anayemwandikia rafiki yake "I have obtained a cold" amevaa joho la hakimu kwenda kisimani. Mwandishi hodari huyajua yote mawili, akaliweka kila neno pale linapostahili.

Zoezi

Nimetunga barua fupi ili msomaji ayajaribu aliyoyasoma. Ifunike tafsiri kwa karatasi, jaribu mwenyewe, kisha linganisha.

"I got your letter as I was getting ready to get the train. I got to Tanga after dark, got wet in the rain and got a cold, but I am getting better. I must get my shoes mended, and I have got to get my brother to write to you."

Tafsiri yake: "Niliipokea barua yako nilipokuwa nikijitayarisha kupanda gari la moshi. Nilifika Tanga giza limekwisha kuingia, nikalowa kwa mvua, nikashikwa na mafua, lakini sasa napata nafuu. Sharti nipeleke viatu vyangu kwa fundi, na sina budi nimhimize ndugu yangu akuandikie."

Hesabu. Katika Kiingereza "get" limetokea mara 10, na katika Kiswahili pata limetokea mara 1 tu, kwenye nafuu. Mahali pengine pote kitenzi kingine kilisimama, kila kimoja kikichaguliwa kwa kulitazama neno lifuatalo.

Sasa uigeuze kazi. Weka daftari, na kila utakapolisikia au kulisoma "get", andika sentensi nzima, si neno pekee, kisha mbele yake uandike kitenzi cha Kiswahili ambacho wewe ungekisema kwa mama yako nyumbani. Kamusi itakusaidia, iwe ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kamusi iliyotungwa kabla yake na Madan, au zilizoifuata. Lakini usichukue maana ya kwanza iliyoandikwa, pita orodha yote hadi uikute iliyo sawa na sentensi yako. Vitenzi utakavyoviandika, zeeka, lowa, fika, shonesha, patana, viko kinywani mwako tangu utotoni. Vigawe katika kurasa kwa kufuata neno lifuatalo: kitu, sifa, kutendwa, mahali, mtu na "to", kitu na kutendwa, na ukurasa mmoja kwa kila kijineno. Kila juma umsomee kwa sauti mtu aijuaye lugha hiyo vizuri kuliko wewe, umwombe akusahihishe, na ukurasa utakaoonekana umejaa alama zake ndio uanze nao juma lifuatalo.